Kuhusu mwalo mnaotaka kuufungua shambani

Geita

Shija rafiki yangu,

Salamu nyingi. Vijana wanaoomba kufungua mwalo shambani kwenu, yaani sehemu ya kuoshea na kukamatia dhahabu, msiwakubalie kabisa hapo bondeni kando ya kijito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakikubali kupanda juu, upande wa barabara, mzungumze.

Watu wengi huliogopa bwawa la maji machafu. Mimi naogopa zaidi jiko la mkaa. Unga wa mawe yaliyosagwa kwa karasha ukishaoshwa, mchanga mzito hutiwa karaini na kuchanganywa na zebaki, kisha hukamuliwa kwa kitambaa. Donge linalobaki ni dhahabu na zebaki, karibu nusu kwa nusu. Likichomwa wazi juu ya jiko hilo, nusu yote ya zebaki inapanda hewani. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, kwa hiyo anayepika ugali chumba cha pili hajui anachovuta. Mikono ikianza kutetemeka na fizi kuvimba, sumu imeshakaa mwilini.

Wadai ritoti, na wachomee mbali na nyumba. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloteremka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, mvuke unapoa bombani na kudondoka majini ukiwa zebaki tena. Mdomo wa bomba uguse maji tu, usizame: kikombe kikianza kupoa huvuta maji ndani, na maji yakikutana na chuma cha moto kinaweza kulipuka. Wasifungue mpaka kipoe kabisa. Wengine hufungua mapema wakiharakia kupima dhahabu, wakavuta mvuke uleule waliokuwa wanaukwepa.

Jambo la pili ni marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Yatauzwa kwa wenye plenti ya sayanidi, mtambo wa kuyeyusha dhahabu iliyobaki kwa kemikali hiyo, na hapo ndipo balaa: sayanidi huyeyusha zebaki iliyobaki, ikasafiri na maji mpaka mbali. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka zoezi hilo likomeshwe. Dawa yake ni kutotia zebaki kwenye unga wote, ila kwenye mchanga mzito peke yake. Liandikeni hilo, pamoja na nani mwenye marudio vijana wakiondoka. La sivyo mtaachiwa kilima chake.

Nitumie mchoro wa shamba unaoonyesha kisima na mteremko kabla hamjasaini.

Msalimie mama na watoto.

Rafiki yako