Barua ya wazi kwa washambuliaji wetu wanaojiangusha

Wanangu,

Salamu zitakuja siku nyingine, leo nimekasirika. Jumapili nimemwona mmoja wenu akijirusha ndani ya boksi, beki hata hajamgusa, refa akaweka penalti. Refa ni binadamu, sina neno naye. Kilichonichoma ni watu wazima walioingia uwanjani kumkumbatia na kumtunza noti: "Mjanja huyu!"

Mnanijua. Mtu akinitajia ujanja, namtajia Miroslav Klose, yule mshambuliaji wa Ujerumani. Nyinyi mnamjua kwa magoli yake 16 ya Kombe la Dunia: matano mwaka 2002, yote ya kichwa, matano 2006, manne 2010, mawili 2014, la mwisho akiwafunga Brazil kwao Belo Horizonte siku ile ya 7-1. Hayo mmeyaona kwenye simu. Mimi nataka lile lililofutwa.

Septemba 2012, Klose yuko Lazio ya Italia, wako ugenini kwa Napoli, ndiyo kwanza mechi imeanza, 0-0. Inapigwa kona, mpira unamgonga Klose mkononi na kuingia wavuni. Refa anakubali goli. Wachezaji wa Napoli wanamzunguka refa wakipiga kelele, na kelele za wachezaji refa gani anazisikiliza? Klose mwenyewe akamwambia: ni mkono. Goli likafutwa, wapinzani wakaja kumshika mkono. Kisha, sikilizeni hapa, Lazio wakafungwa 3-0, yote matatu ya Cavani, mshambuliaji wa Napoli. Ukweli wake haukumlipa chochote usiku ule. Anayewaambia kwamba ukweli hulipa papo hapo, naye anajiangusha tu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2005 akiwa Werder Bremen, dhidi ya Arminia Bielefeld, alipewa penalti akamweleza refa kuwa kipa aliucheza mpira. Ikafutwa. Mnaogopa mtakosa magoli? Msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, magoli 25.

Mengine kwa kifupi. Aliingia Ujerumani akitokea Poland akiwa mtoto wa miaka minane, Kijerumani hakijui. Alisomea useremala wa kupaua nyumba huku akicheza madaraja ya mchangani na Blaubach-Diedelkopf. Timu ya wakubwa ya klabu ya Kaiserslautern aliichezea mara ya kwanza akiwa na miaka 21. Kwa hiyo wewe wa miaka 19 unayelia umechelewa, rudi karakanani, na jioni uje mazoezini. Timu ya taifa: mechi 137, magoli 71. Alistaafu 2016 akiwa na miaka 38, na baadaye akaenda kufundisha vijana wa chini ya miaka 17 wa Bayern.

Sasa nyinyi wakubwa wenzangu. Mtoto hajifunzi kujiangusha peke yake. Mnamtunza akidanganya Jumapili, halafu Jumatatu mnashangaa chenji ya dukani imepungua. Viongozi wa timu, mchezaji akikiri mkono na mkafungwa, nani kati yenu atampa nauli ya kurudi nyumbani? Nataka jibu, na nalitaka mbele ya wachezaji.

Jumatano jioni nipo uwanjani, tunapiga vichwa vya krosi. Njooni na mpira, wangu umeazimwa na haujarudi.

Mzee wenu wa benchi