Bustani ya Jamhuri: kivuli kwanza, pevingi baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimestaafu bandarini hapa Tanga, nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo, na jioni zangu nyingi huishia Bustani ya Jamhuri, jirani na ule mnara wa saa wa Wajerumani. Pale unakiona Kisiwa cha Toten, unaziona meli. Enzi zetu tulikuwa tukitazama matishari yakipeleka robota za mkonge huko nje, maana meli kubwa hazikuweza kufunga gati. Kahawa, kashata, maneno mengi. Siku hizi hatukai bila mmoja kuzuka na kusema bustani ichorwe upya, ipendeze kama za wenzetu. Sipingi. Nataka tu tuanze na kivuli.

Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu kutembea mji mmoja wa pwani, sitautaja, tukapita kwenye bustani iliyotoka kukarabatiwa. Mke wangu ana magoti mabovu, akiona benchi lazima akae. Ilikuwa saa tisa alasiri. Benchi la chuma, limepakwa rangi nyeusi. Alikaa, akainuka hapohapo kama aliyekalia siafu. Tukaikunja kanga yake mara nne tukaitandika, akajaribu tena, wapi! Miti ilikuwepo: miashoki imepangwa mstari, mirefu, myembamba, kivuli chake hakimtoshi paka. Chini pevingi mwanzo mwisho, joto unalisikia mpaka ndani ya kandambili. Na watu walikuwa wapi? Wote, na watoto wao, na muuza karanga na kapu lake, wamejibanza ukutani nyuma ya choo. Kivuli kilikuwa hicho tu. Tukaenda kujibanza nao.

Aliyeichora bustani ile sidhani kama alifika mchana. Au alifika, akabaki ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Kwa hiyo atakayepewa kazi ya kwetu, kabla hajafungua kompyuta, aje akae na sisi kuanzia saa nane mpaka magharibi, aone jua linavyozunguka na watu wanavyolihama. Mti mkubwa uliopo usiguswe. Akitaka kupanda mipya, mkungu upo: unatandaza matawi kama mwavuli, chumvi ya bahari hauiogopi, na watoto watapata kungu za kugonga kwa mawe. Unaangusha majani mengi, najua. Yafagiliwe. Benchi liwe la zege au la mbao ngumu. Bandarini nimeona minyororo minene kuliko mkono wangu ikiliwa na chumvi hadi ikamomonyoka kama kashata, sembuse bomba la benchi.

Jingine ni majengo. Kijana wangu mmoja anaishi Chicago, amenisimulia bustani yao ya kandokando ya Ziwa Michigan. Mwaka 1836 waliandika kwenye ramani kwamba uwanja ule ubaki wazi siku zote, pasijengwe kitu. Maandishi peke yake hayalindi uwanja. Kulikuwa na mfanyabiashara, Montgomery Ward, ambaye ofisi yake ilitazama ziwa; alianza kwenda mahakamani mwaka 1890 kuzuia majengo, akaendelea na kesi hizo mpaka 1911. Miaka 21! Watu walimchukia, na leo wajukuu wao wanakimbia pale asubuhi. Hapa kwetu nasikia wanaotamani mgahawa wa ghorofa palepale ukingoni. Mgahawa wa ghorofa mbele ya bahari ni ukuta tu, ila huu una menyu.

Wauza kahawa, mihogo na madafu ni habari nyingine, hao wapewe sehemu yao na maji ya kuoshea vikombe. Forodhani ya Unguja ilipofunguliwa tena mwaka 2009 baada ya matengenezo, wauza vyakula walirudi na meza zao, na watu bado wanajaa kila usiku. Bila muuza kahawa, sisi wazee tutakwenda pale kufanya nini?

Nilipomsomea mke wangu barua hii akasema nimesahau jambo. Mabenchi yawe na egemeo.

Mstaafu wa bandari,
Ngamiani, Tanga