Pimeni joto kabla ya kufungua kadi ya grafiki

Mhariri,

Kompyuta ya gemu ikianza kukwamakwama, mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inafunguliwa, pesti ya kupitisha joto inapakwa upya, mteja analipa, na baada ya wiki mbili tatizo liko pale pale. Joto la kadi lina vyanzo tofauti, na namba zake hukuonyesha pa kuanzia hata kabla ya kugusa skrubu.

Pakua HWiNFO au GPU-Z, programu za kusoma joto, zote ni za bure. Endesha gemu nzito kwa dakika 15, kisha soma joto la chipu, joto la pale inapochemka zaidi (programu huandika Hot Spot) na joto la memori kama kadi yako hulionyesha.

Chipu na Hot Spot zikipishana nyuzi 10 hadi 15 tu, na zote ziko juu, usihangaike na pesti. Hewa haipiti. Ondoa ubavu wa kasha, cheza tena: joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kosa ni la kasha, linahitaji feni ya kuingiza hewa mbele na ya kuitoa nyuma. Lisiposhuka, tazama vumbi katikati ya mapezi ya hitisinki, chuma kinachoondoa joto la chipu. Ukipuliza kwa blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kwa nguvu beringi huumia. Na feni kusimama wakati hakuna kazi si ugonjwa. Kadi nyingi za siku hizi huzizima hadi joto lifike nyuzi 50 au 60 hivi.

Pengo likivuka nyuzi 25, hapo ndipo bisibisi ina kazi. Ama pesti imekauka na kusukumwa pembeni, ama hitisinki haijakaa sawa. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Chipu ya kadi haina kifuniko cha chuma kama prosesa, kwa hiyo lile tone la katikati halitoshi: tandaza pesti nyembamba ifunike uso wote. Skrubu nne zinazoizunguka chipu zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukimaliza kona moja kabla ya nyingine, ukingo wa chipu unaweza kumeguka, na huo hauna fundi.

Memori ni habari nyingine. Katika kadi za Nvidia za RTX 3080 na 3090, zenye memori ya aina ya GDDR6X, memori ikifika nyuzi 110 kadi hupunguza kasi, hata kama chipu yenyewe iko nyuzi 65. Nyingi za kadi hizo zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 15, 2022, kisha zikaingia soko la mitumba. Hapo dawa ni pedi mpya, vile vipande laini vya kupitisha joto kati ya memori na hitisinki, za unene ule ule. Pima ule ukingo wa pedi ya zamani ambao haukubanwa, si katikati palipobonyea. Pedi ikizidi nusu milimita tu, inaweza kuinua hitisinki isiiguse chipu vizuri: memori inapoa, chipu inachemka. Wanaojaza pesti mahali pa pedi wanajidanganya, kwani haiwezi kuziba nafasi ya milimita nzima.

Yupo pia anayelalamika bure. Vipimo tunavyosoma mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Kadi iliyoonyesha 70 huko itafika karibu 80 katika chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam mwezi Februari, na ni nzima kabisa. Huyo afungue programu ya MSI Afterburner ashushe kikomo cha umeme hadi asilimia 80, na kama skrini yake ni ya hezi 60, aweke kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde. Kasi hupungua kidogo kuliko joto linavyopungua.

Kompyuta inayozima ghafla chwi katikati ya gemu ipelekeni kwanza kwenye kipimo cha pawa saplai. Kadi iliyopata moto kwa kawaida hupunguza kasi kwanza. Kadi nyingi za GeForce, za Nvidia, huanza kufanya hivyo kwenye nyuzi 83 au karibu na hapo.

Mafundi kompyuta,
Dar es Salaam