Moto peke yake hausafishi dhahabu: barua kwa vijana wa kwaya

Wanangu na wajukuu zangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia kwa sababu ya Jumapili ile, mnaijua. Dada yenu wa sauti ya pili alisimama kulishukuru kanisa kwa msiba wa mwanawe, na kabla hajafika katikati kilio kikamzidi. Mmoja wenu, kwa nia njema kabisa, akashika kipaza sauti akamwambia: "Dada usilie, Mungu anakusafisha kama dhahabu." Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na amina yangu haikutoka. Leo ni Jumapili ya tatu, na dada yule hajaonekana.

Aliyesema simtaji, nanyi msimnyoshee kidole. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe kwenye matanga mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tofauti ni moja tu: mimi dhahabu nimeichimba. Kabla sijawa mzee wa kanisa nilimaliza miaka kumi na moja kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, huku kwetu Geita, na ninyi mnaoimba habari za tanuru wengi wenu hata kalibu, kile chungu cha kuyeyushia dhahabu, hamjaiona. Basi niacheni niwaeleze, kisha mwimbe mkijua mnachokiimba.

Jiwe likitoka shimoni halipelekwi motoni. Zamani zetu tulilivunja kwa nyundo, tukalitwanga kwenye kinu cha chuma hadi likawa unga. Siku hizi kuna makarasha, mashine za kusaga mawe, vijana hawajui malengelenge. Unga ule tuliumwagia maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa gunia, na kile kizito kikanasa kwenye gunia. Hapo ndipo tulipotia zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kuwa donge la kijivu, na ukilichoma, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Moshi wake ni sumu. Nani alitwambia? Nilichoma nyuma ya nyumba yangu, kuku wakidonoa miguuni, na mkono huu mnaouona ukitetemeka nikipokea kikombe cha Meza ya Bwana, sidhani ni uzee peke yake. Kwa hiyo msiniambie kwamba kila kinachounguza kinasafisha. Upo moto ulioniharibu tu.

Tukifika kwa sonara, yeye huyeyusha. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1064. Mtu asiyejua hudhani joto hilo ndilo linalofanya kazi yote. Sivyo. Ukiiyeyusha dhahabu chafu bila kitu kingine, ikipoa utapata dhahabu chafu iliyoshikamana vizuri zaidi. Sonara hutia boraksi, unga mweupe kama chumvi. Ile boraksi, ikishayeyuka, hushika uchafu wa chuma na madini mengine, ikaelea nao juu kama kioo cheusi, na dhahabu kwa uzito wake ikazama chini. Fedha iliyomo ndani ya dhahabu haitoki hata kwa hilo. Hiyo inataka asidi. Na ili asidi ipenye, fundi kwanza huongeza fedha nyingine, hadi dhahabu ibaki kama robo tu ya donge zima. Yaani kabla ya kutakaswa inachanganywa zaidi! Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilimshika fundi mkono, nikidhani ananiibia.

Sasa niwaeleze moto wangu.

Mwaka 1984 duara letu liliporomoka na mdogo wangu akabaki chini. Tulimtoa siku ya pili. Mshirika wangu wa duara ndiye aliyekuwa na zamu ya kusimika matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke, na niliamini, bado naamini, kwamba aliyapunguza ili auze mengine. Watu wa kanisa walinijia na neno lile lile: unasafishwa, ndugu, vumilia. Nikavumilia. Niliimba besi kwaya kuu miaka tisa, sikukosa zoezi hata moja, na miaka yote tisa sikupita njia inayopita kwa mtu yule. Watu wakanisifu kwa saburi. Nikawa mkimya, mkavu, mkali kwa wanangu, na hata hilo wakaliita kukomaa katika imani. Moto ulikuwepo, jamani. Uchafu ulikuwa haujapata mahali pa kutokea, ukashikamana.

Aliyenipa boraksi ni bibi mmoja wa ule ushirika wa uamsho. Ninyi mmewakuta wachache tu. Uamsho huo ulianzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mpaka kuja kwetu kupitia Bukoba, na desturi yake kubwa ni kile wanachokiita kutembea nuruni: unaisema dhambi yako mbele ya ndugu, kwa jina lake, bila kuipaka rangi. Nilikwenda kwake nikamweleza habari ya matimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akaniuliza: "Hiyo ni dhambi ya mwenzako umeniletea. Yako iko wapi?"

Nilikasirika, nikaondoka. Nilirudi baada ya wiki mbili nikasema: kila siku kwa miaka tisa nimetamani mtu yule afe.

Mwaka huo, 1993, nilikwenda kwa yule mshirika wangu. Msitarajie hadithi nzuri. Alikana. Alisema matimba yalioza kwa mvua. Nikamwomba radhi kwa kumchukia, akaipokea kama mtu anayepokea chenji, tukanywa chai, tukazungumza bei ya mpunga. Njiani nikirudi nilijiona mbaya kuliko nilivyokwenda, nikaikumbuka ile fedha inayoongezwa. Lakini usiku ule nililala. Na asubuhi mke wangu aliniuliza kwa nini napiga mluzi.

Msidhani haya ni mambo ya wachimbaji wasiosoma. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikuwa mtu wa uamsho huo huo. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda aliuawa mikononi mwa serikali ya Idi Amin, ikatangazwa kuwa ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walitoroka usiku wakivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Na mtu huyu, mhubiri mkubwa kama alivyokuwa, baadaye alikiri hadharani kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa imeanza kumla moyo, hata ikambidi aiungame na kumsamehe. Kama moto wenyewe ungetosha, nani alikuwa karibu nao kuliko yeye?

Mtaniuliza: Paulo je, hakusema dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo? Alisema. Ila neno la Kigiriki lililotafsiriwa uthabiti wa moyo linamhusu aliyepimwa na kuonekana wa kweli, namna sonara anavyosugua pete kwenye jiwe kujua kama ni dhahabu au shaba. Na kupimwa huko Paulo hakuwaandikia Warumi kama habari ya jirani yao. Alisema "sisi", naye alikuwa amechapwa viboko. Ayubu vilevile. Yale maneno yake ya kutoka kama dhahabu, ambayo sasa tunayaandika hadi kwenye fulana za kwaya, aliyasema katikati ya malalamiko: ametangulia mbele, Mungu hayupo, amerudi nyuma, hamwoni. Ni maneno ya mtu mwenye majipu mwilini, ameyasema mwenyewe. Rafiki zake walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno walifanya vema, na laiti wangeondoka siku ya nane.

Jambo moja zaidi, maana naogopa mtanielewa vibaya. Kilio cha dada yenu si uchafu. Bwana wetu alilia Bethania, kabla ya kufika kaburini, akijua dakika chache baadaye Lazaro atatoka. Huzuni ya mama aliyezika ni dhahabu tupu, msiiguse. Kama ndani yake iko chuki, au hasira kwa Mungu, au lawama kwa mtu fulani, hiyo ataisema siku akipata wa kumwambia. Na kwa jinsi nilivyowaona Jumapili ile, mtu huyo bado hayupo kwenye kwaya yetu. Ninyi kwa ninyi pia, nani amewahi kumweleza mwenzake lililo moyoni, mbali na habari za sare na michango?

Basi Alhamisi, baada ya zoezi, twende kwake. Msibebe kinanda. Wasichana wawili wachukue unga na maharage, wavulana wachote maji, maana kisima chao kiko mbali na mumewe yuko safarini. Tukikaribishwa tukae, na atakayeanza kuhubiri nitamkanyaga mguu. Tusipofunguliwa, tuache ndoo mlangoni turudi tena wiki ijayo.

Nisubirini pale kwenye mwembe. Natembea polepole.

Babu yenu wa benchi la nyuma