Usikope kununua Land Rover bovu

Mhariri,

Vijana wanaopenda magari ya zamani huuliza: nikope ninunue Land Rover Series III bovu nilifufue taratibu? Jibu langu ni hapana.

Tuseme umekopa shilingi milioni 6 kwa miaka 3, riba asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa milioni 6 zote hadi mwisho hata deni likipungua. Utarudisha milioni 9.24, karibu 257,000 kila mwezi, na rejesho la kwanza litadaiwa gari likiwa bado juu ya mawe. Hela ya spea itatoka wapi?

Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haili kutu nyekundu, ndiyo maana wanunuzi wengi huingizwa mjini na rangi mpya. Chesisi, fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na huoza kuanzia ndani. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma na vishikio vya bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu au hubonyea. Chungulia pia miguuni kwa dereva na nguzo za milango. Ukiachia pedeli ya mafuta mteremkoni gia ikachomoka yenyewe, giaboksi itabidi ifunguliwe itengenezwe. Namba ya chesisi isipolingana na kadi, ondoka hata ukipunguziwa bei.

Mkopo una maana baadaye, gari likiwa lako, injini imefunguliwa, fundi amepima silinda, na bei ya pistoni, ringi na kuchonga silinda unaijua. Hapo mkopo mdogo wa SACCOS, miezi 6, unatosha.

Msomaji,
Arusha