Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa): Tumeripoti barua za makazi za uongo, hakuna aliyekuja kukagua

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, muuza vitumbua, mkazi wa mtaa mmoja kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha. Nakuandikia hadharani kwa kuwa ngazi zote zilizo chini yako nimeshazipanda: mtendaji wa mtaa, mwalimu mkuu, afisa elimu kata, halmashauri. Kote barua yetu ya malalamiko, kuhusu barua za uongo zinazowataja watu wa mbali kuwa wakazi wetu ili watoto wao wapate nafasi katika shule ya mtaa wetu, ilipokelewa na kugongwa muhuri. Kote tuliambiwa tusubiri.

Tumesubiri mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita, pikipiki ilipomgonga mtoto wa jirani yangu akivuka barabara kwenda shule. Ana miaka saba. Amevunjika mguu, na tunamshukuru Mungu yu hai. Barabara ile unaijua, Mheshimiwa. Njia nane, kilomita 19.2 za upanuzi ambao viongozi wameutaja katika kila jukwaa. Mtoto huyo huivuka asubuhi na huivuka tena mchana, wakati upande wetu ipo shule ya msingi ya Serikali ambayo kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni.

Hasomi hapo kwa sababu mama yake aliambiwa nafasi zimejaa. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo kwa binti yangu wa mwisho.

Shule hiyo ni mpya, imejengwa kwa fedha za BOOST, ule mradi wa Serikali wa kuboresha shule za msingi, wa shilingi trilioni 1.15. Sisi wakazi tulikisafisha kiwanja kwa majembe yetu na tukachanga mchanga na kokoto. Siku ya kufungua tuliahidiwa mbele ya wanahabari kwamba watoto wa mtaa huu hawatavuka tena barabara kuu. Mheshimiwa, maneno hayo yalisemwa kwa kipaza sauti, na wazee wetu walipiga makofi.

Sasa njoo usimame getini saa moja kasoro asubuhi. Utaona Hiace na bajaji zikishusha watoto kutoka kata nyingine kabisa, wengine wamelala mabegani mwa dada wa kazi kwa safari ndefu. Madereva hawafichi wanakotoka. Wazazi wengine nao hawafichi: mmoja aliniambia, huku akinunua vitumbua vyangu, kwamba alichohitaji ni barua ya serikali ya mtaa tu, na kwamba "mambo yalikwenda vizuri." Mjumbe mmoja wa kamati ya shule ametuambia kuwa nyumba moja ya mtaani kwetu imeandikwa kuwa makazi ya wanafunzi kadhaa wa darasa la kwanza. Nyumba hiyo naijua. Ina wapangaji wawili, vijana wa gereji, na hakuna hata mmoja mwenye mtoto.

Sina risiti ya kukuonyesha, na simtaji mtu kwa jina. Lakini nadhani barua hizi zinauzwa. Kama haziuzwi, basi zinatolewa bila mtu kuinua macho kumtazama anayeomba, na kwa mtoto anayekosa dawati matokeo ni yale yale. Mtendaji anaandika "ni mkazi wangu", shule inapokea, hakuna anayefika kwenye nyumba iliyotajwa.

Watoto wale sina ugomvi nao. Wazazi wao wamekimbia madarasa yenye watoto zaidi ya mia, ilhali mwongozo wa Serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi pia ningekimbia. Siombi mtoto yeyote atolewe darasani katikati ya mwaka. Mtoto hakuiandika ile barua. Naomba aliyeiandika aulizwe.

Tulipotoa taarifa, tulifanya kama Serikali inavyotuhimiza. Tuliandika majina yetu na kutia saini, tukaamini itabaki siri. Wiki haikuisha, nikakuta maneno ya barua yetu yanasemwa sokoni, na mtu mwenye cheo mtaani akaniuliza mbele ya wateja wangu kama nimeacha biashara nimekuwa askari. Tangu hapo naitwa mchongezi. Wazazi wawili tuliokuwa nao wamejitoa kwa kuogopa kunyimwa barua za utambulisho siku wakizihitaji. Mheshimiwa, nchi hii ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda nani, kama mama anayeuliza nafasi ya darasa la kwanza haimfikii?

Naomba ujue pia hali yangu. Vitumbua huuzwa alfajiri, watu wanapokwenda kazini. Saa hiyo hiyo ndiyo ninayomvusha binti yangu, kwa sababu baba yake ni dereva wa lori la Tunduma na hayupo. Nikirudi, wateja wameshanunua kwingine. Kikoba nimeshindwa kukilipa, mwenye nyumba ananidai, na siku mvua ikinyesha simpeleki kabisa, kwa kuwa magari hayaoni na mimi siwezi kumwamini dereva yeyote na maisha ya mwanangu. Hata tukisema apande daladala, nauli ya mwanafunzi ni ndogo na konda hataki kumbeba.

Serikali ilifuta ada kuanzia mwaka 2016. Sheria ya Elimu inasema mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe. Mwaka 2022 walipita vijana wakabandika namba za Anwani za Makazi kwenye kila nyumba, na mwaka huo huo tukahesabiwa katika sensa. Namba ipo mlangoni kwangu mpaka leo. Kwa nini namba hiyo haitumiki kuthibitisha nani anaishi wapi kabla ya kumwandikisha mtoto? Kazi ngumu imeshafanyika. Kilichobaki ni mtu kuichukua rejesta na kutembea.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: kivuko cha watembea kwa miguu karibu yetu, mkondo wa pili wa darasa la kwanza, ulinzi wa sisi tuliotia saini. Bado nayaomba. Lakini kama utafanya moja tu, tuma mkaguzi kutoka nje ya halmashauri yetu. Aje na rejesta ya darasa la kwanza, apite nyumba kwa nyumba kwa anwani zilizoandikwa, agonge hodi na aulize mtoto huyu yuko wapi. Aje kabla uandikishaji wa mwaka ujao haujafungwa, kwa sababu ukishafungwa tutaambiwa tena nafasi zimejaa, na mtoto wa jirani yangu ataondolewa plasta na kurudishwa kwenye barabara ile ile.

Mtume mkaguzi, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe nitamwonyesha nyumba ya wale vijana wa gereji.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi, mkazi wa kando ya Barabara ya Morogoro