Kidonda cha nyonga kinachoendelea kutoa maji kirudishwe kwa daktari mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na jamaa wanaowauguza nyumbani wagonjwa waliobadilishwa nyonga. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, lakini kinachonisukuma kuandika ni yaliyompata dada yangu mkubwa, hapa hapa Likoni.

Dada alitoka hospitalini akitembea kwa magongo, mwenye furaha. Siku ya kumi na mbili bandeji yake ilikuwa bado inalowa. Mimi nilikuwa safarini, na waliokuwa naye wakampeleka zahanati ya jirani, akapewa antibiotiki za siku saba. Maji yakapungua, homa ikashuka, watu wakashukuru. Vidonge vilipokwisha maji yakarudi, safari hii na usaha, na alipovuka feri kumrudia daktari wake wa mifupa wiki saba zilikuwa zimepita. Kiungo kile bandia kililazimika kutolewa.

Waliompa vidonge walitaka kumsaidia, hilo silitilii shaka. Walichokosa kujua ni kwamba nyonga bandia haitibiwi kama kidonda cha kawaida. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi zetu, wakifikia chuma au plastiki hujishikiza hapo na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Utando huo ukiwa bado mchanga, daktari anaweza kuusafisha na kukiokoa kiungo. Ukishakomaa, mara nyingi hakuna budi kukitoa chote.

Upasuaji wa kuokoa nyonga hufanywa katika wiki za mwanzo, dalili zikiwa bado changa. Daktari hulifungua tena jeraha, huchukua vipande kadhaa vya nyama kutoka sehemu mbalimbali ili vipimwe maabara, hukata nyama iliyokufa, huosha kwa lita nyingi za maji ya chumvi, na hubadilisha sehemu zinazoweza kuchomolewa, yaani kichwa cha mviringo cha nyonga bandia na bitana ya kikombe ambamo kichwa hicho huzunguka, kwa sababu bakteria hujificha nyuma yake. Chuma kilichoshikana na mfupa huachwa mahali pake. Kisha hufuata antibiotiki kwa wiki nyingi, zikichaguliwa kulingana na majibu ya maabara. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wiki 12 za dawa huyazuia vizuri zaidi maambukizi yasiendelee kuliko wiki 6. Si kila nyonga huokoka hata kwa njia hii, lakini kila siku inayopotea hupunguza matumaini.

Ndipo ubaya wa vile vidonge unapoonekana. Havikumponya dada, na juu ya hayo viliwaficha bakteria, hata vipimo vya kwanza vya maabara havikuwaotesha, na daktari akabaki kukisia dawa ya kutumia.

Maambukizi haya huwapata wachache, kama mgonjwa 1 au 2 kati ya 100. Hata hivyo sisi wa Pwani tuna sababu ya kuwa macho, kwa kuwa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi uliopo katika familia zetu nyingi, huweza kukiua kichwa cha mfupa wa paja tangu ujanani, na hivyo wanaohitaji nyonga bandia si wazee peke yao.

Ninaziomba hospitali zetu za Mombasa zimpe kila mgonjwa wa nyonga anayeruhusiwa kurudi nyumbani karatasi ya Kiswahili chepesi, yenye nambari ya simu ya wodi na dalili za kumrudisha: bandeji kuendelea kulowa baada ya wiki moja, jeraha kuwa jekundu au kuvimba, maumivu yaliyotulia kuanza upya, homa. Nazo zahanati na maduka ya dawa, ninaziomba zipige nambari hiyo kabla ya kutoa kidonge hata kimoja.

Muuguzi mstaafu,
Likoni, Mombasa.